Veuve si jina la mtu: wanawake katika kazi ya kuchapa picha

Msomaji ameuliza: "Mtaalamu, nasomea uchapaji wa picha na sasa nimeanza kuchonga lino, yaani picha kwenye kipande cha linoleamu. Mwalimu wetu ametuambia kwamba wanawake waliingia katika kazi hii karne ya 20, shule za sanaa zilipowafungulia milango. Kabla ya hapo ilikuwa kazi ya wanaume. Lakini katika kupekuapekua picha za zamani nimekutana na chapa, yaani picha iliyochapwa, ya Kifaransa ya miaka ya 1740 ambayo chini yake pameandikwa 'chez la Veuve Chereau'. Je, huyu Veuve alikuwa mwanamke? Na kama wanawake walikuwamo, walifanya kazi gani hasa?"

Dada yangu, Veuve si jina la mtu. Ni neno la Kifaransa na maana yake ni mjane. Ulichosoma ni "kwa mjane wa Chereau", yaani duka lililoitoa picha ile. Mumewe, François Chéreau, alikuwa mchongaji na muuza picha katika mtaa wa Saint-Jacques, Paris, mtaa uliojaa maduka ya kazi hiyo. Alifariki mwaka 1729. Mkewe, Marguerite Caillou, akabaki na duka, na mabamba ya shaba ya kuchapia, na wateja, akaiendesha biashara kwa zaidi ya miaka 20. Picha uliyoiona ilikuwa mali yake, na jina aliloiuzia ni la marehemu mumewe.

Nimeanza na hilo kwa sababu sehemu kubwa ya jibu lako imejificha humo. Wanawake wamo katika kazi hii tangu siku zake za mwanzo. Kilichokosekana ni majina yao, na hayakupotea kwa bahati mbaya: yalimezwa na jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa. Mwalimu wako amekupa alichofundishwa naye, maana vitabu vingi bado vinasimulia hivyo. Mimi nimemaliza miaka mingi nikiorodhesha chapa za zamani, karatasi kwa karatasi, na kwa kila anayeanza nina ushauri mmoja: usifuate majina, fuata bamba.

Bamba la shaba nyekundu si kama turubai. Mchoraji akiuza picha yake, imeondoka. Bamba linabaki. Fundi huinama juu yake wiki nyingi, mkono wa kulia unasukuma patasi nyembamba, wa kushoto unalizungusha bamba juu ya mto wa ngozi ili mstari upinde. Likikamilika linatoa mamia ya chapa. Likichakaa linachongwa upya. Linauzwa, linawekwa rehani, linarithiwa. Ni kama mnazi: aliyeupanda akifa, nazi haziachi kudondoka.

Sasa jiulize, mwenye karakana akifa, mabamba yaliyopangwa rafuni yanakwenda kwa nani? Karakana za wakati ule kwa kawaida zilikuwa nyumbani. Mke alizijua bei, aliwajua wadeni, alijua bamba gani linauzika na lipi limelala. Vyama vya mafundi katika miji mingi ya Ulaya vilimfungia msichana asiwe mwanagenzi kwa fundi wa nje, lakini vilimruhusu mjane aendeleze kazi ya mumewe, na baba hakuzuiwa kumfundisha bintiye kwenye meza yake mwenyewe. Kwa hiyo kwa mwanamke milango ilikuwa miwili: azaliwe humo, au aolewe humo.

Tazama Antwerp. Hieronymus Cock na mkewe Volcxken Diericx walifungua huko mwaka 1548 nyumba ya uchapishaji iliyoitwa Pepo Nne, na humo ndimo michoro mingi ya mchoraji Pieter Bruegel ilimogeuzwa kuwa chapa. Cock alifariki mwaka 1570, na kwa waandishi wengi habari inaishia hapo. Diericx aliishi hadi mwaka 1600. Kwa miaka 30 nyumba ile ilikuwa mikononi mwake, na orodha ya mali iliyoandikwa baada ya kifo chake inahesabu mabamba ya shaba zaidi ya 1,500. Mwaka 1572 alitoa mfululizo wa sura 23 za wachoraji mashuhuri wa Flanders na Uholanzi. Wote wanaume, marehemu mumewe akiwa mmoja wao. Ukurasa wa mbele unasema mfululizo umetolewa na mjane wa Hieronymus Cock. Basi. Mwanamke huyu aliwahifadhia wanaume 23 sura na majina, na lake halikuandikwa hata mara moja. Kila ninapoufungua mfululizo ule ukurasa huo hunichoma.

Ndiyo maana nakusihi ujifunze kusoma ukingo wa chini wa picha kabla ya picha yenyewe. Kuna maneno machache ya Kilatini, mara nyingi yamekatwakatwa. *Invenit* ni aliyebuni picha. *Delineavit* ni aliyechora mchoro wa kufuatwa. *Sculpsit* ni aliyechonga bamba. *Fecit* ni aliyefanya kazi, mara nyingi kwa kuiacha tindikali ile mistari kwenye bamba. Na *excudit* ni aliyeitoa chapa ile sokoni, kwa kawaida ndiye mwenye bamba. Watafiti wa zamani walizama katika *invenit* na *sculpsit*, wakitafuta kipaji. Wanawake wengi walikuwa wamekaa kwenye *excudit*, mahali pa fedha, na huko hakuna aliyewatafuta.

Hata hivyo wako waliochonga na kutia sahihi, tena mapema sana. Diana wa Mantua, ambaye vitabu humwita Diana Scultori, alizaliwa mnamo 1547, binti wa mchongaji na dada wa mchongaji. Giorgio Vasari, katika toleo la 1568 la maisha ya wasanii wa Italia, anaeleza jinsi kazi yake ilivyomstaajabisha. Mwaka 1575, akiwa ameolewa na msanifu majengo Francesco da Volterra na kuhamia Roma, Diana alipata kwa Papa Gregori XIII hati ya kuzilinda chapa zake zisinakiliwe na wengine. Hati kama hiyo haiombwi na mtu anayechonga kupitisha wakati. Ni ya mtu aliyejua chapa zake zitanakiliwa kwa sababu zinauzika. Alichonga pia michoro ya mumewe, na kwa chapa hizo matajiri wa Roma wakapata kuijua kazi ya huyo bwana.

Huko Paris, Claudine Bouzonnet-Stella alilelewa katika kazi na mjomba wake Jacques Stella, mchoraji wa mfalme aliyepewa makazi Louvre. Mjomba alifariki mwaka 1657. Claudine, msichana wa miaka 20 hivi, akaishika karakana pamoja na ndugu zake na hakuolewa maisha yake yote. Chapa alizochonga kutokana na picha za mchoraji Nicolas Poussin ni kati ya bora zilizowahi kufanywa, nami nasema hivyo baada ya kuziweka ubavuni mwa zile za wanaume waliosifiwa zaidi. Lakini kinachonigusa kuliko chapa hizo ni karatasi nyingine. Kati ya mwaka 1693 na 1697, mwaka aliofariki, aliandika kwa mkono wake wasia na orodha ya mali yake: picha, michoro, vito, na mabamba ya shaba. Huyu ni mtu aliyeijua thamani ya kila kilichokuwa rafuni mwake, na hakumwachia mtu mwingine kukihesabu.

Venezia yuko Isabella Piccini, binti wa mchongaji naye, aliyeingia utawani mwaka 1666 na kuendelea kuchonga mabamba ya vitabu kutoka monasterini hadi uzeeni, akitia sahihi ya Suor Isabella, yaani Sista Isabella. Na Amsterdam, katikati ya karne hiyo hiyo, Geertruydt Roghman alichonga picha tano ambazo ningependa uzitazame kwa kioo cha kukuzia. Ni wanawake kazini nyumbani: mmoja anasokota uzi, mwingine anashona, mwingine yuko jikoni. Hawatabasamu kwa mtazamaji. Wengine wamempa mgongo kabisa, wameinamia shughuli yao, na Roghman amemwaga ustadi wake wote kwenye mikunjo ya sketi na mng'ao wa vyombo vya chuma. Yeye ndiye aliyebuni na ndiye aliyechonga. Mabamba yalitolewa na mchapishaji mwanaume, kwa hiyo hapa ule mpangilio wa Antwerp umegeuka: jina limebaki, faida imekwenda kwingine.

Umeuliza walifanya kazi gani hasa. Acha nikae kidogo kwa mmoja aliyezifanya karibu zote peke yake.

Elizabeth Blackwell aliishi London. Mumewe, Alexander, alifungwa gereza la wadeni, na deni lile lilikuwa kubwa kuliko uwezo wa nyumba. Elizabeth alijua kuchora. Akasikia kwamba matabibu wanahitaji kitabu kipya cha mimea ya dawa, akapanga chumba karibu na bustani ya waganga wa Chelsea, akawa anakwenda kuchora mimea ikiwa hai. Mumewe alimsaidia majina ya mimea kwa lugha mbalimbali akiwa gerezani. Kutoka mwaka 1737 hadi 1739 alitoa mabamba 500, manne kila wiki. Piga hesabu: ni wiki 125. Alichora, akachonga shaba, kisha akapaka rangi chapa kwa mkono. Wewe unayechonga lino unajua picha hutoka kinyume: jani linaloelekea kulia lazima ulichonge likielekea kushoto. Sasa fanya hivyo mara nne kwa wiki, wiki ikiisha inakuja nyingine, na kila jani lazima liwe sahihi kiasi kwamba daktari asikosee mmea. Deni lililipwa na mume akatoka. Baadaye alikwenda Sweden, akaingia katika mambo ya siasa, akauawa kwa hukumu ya uhaini mwaka 1747. Wasimulizi wengi hupenda kisa cha mume. Mimi narudi daima kwenye zile wiki 125.

Maria Sibylla Merian alitangulia kwa njia nyingine. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1647 katika nyumba ya wachongaji, na kitabu chake cha viwavi cha mwaka 1679 alikichonga mwenyewe. Alipotoa kitabu kikubwa cha wadudu wa Suriname huko Amsterdam mwaka 1705, chenye mabamba 60, alikuwa mbuni na mchapishaji, na mabamba mengi aliwalipa wanaume wamchongee. Mpangilio wa kawaida uligeuzwa juu chini, na kazi ikatoka bora kabisa.

Nikirudi kwenye maduka: siwezi kuondoka London bila kumtaja Hannah Humphrey. Katuni za James Gillray, zile zilizowachana wanasiasa wa Uingereza na Napoleon, mmiliki na mchapishaji wake mkuu alikuwa huyu mama. Watu walimwita Mrs Humphrey ingawa hakuolewa. Gillray aliishi nyumbani kwake, juu ya duka, na kuanzia 1797 duka hilo lilikuwa namba 27 St James's Street. Chapa ya mwaka 1808 inalionyesha: watu wamejazana dirishani kutazama picha mpya, na mzee mmoja ameteleza na kuanguka njiani bila wao kugeuka. Gillray alipopoteza akili mwishoni mwa maisha yake, Humphrey ndiye aliyemtunza hadi alipofariki mwaka 1815. Mwanamke huyu alichagua nini kichapwe, alibeba hatari ya kushtakiwa, na alimlisha fundi. Kumwita "mwenye duka" tu ni kumpunja.

Karne ya 19 ilibadilisha mambo, na kwa maoni yangu hapa ndipo fikra ya mwalimu wako ilipozaliwa. Kazi ilitoka nyumbani ikaenda kwenye viwanda vya picha. Mjane hakuwa tena na bamba la kurithi, maana bamba lilikuwa la kampuni. Wanawake waliendelea kuwamo kwa wingi, ila sasa walikuwa mikono isiyo na jina. Margaret Dalziel alichonga mbao pamoja na kaka zake katika kampuni yao ya London, mojawapo ya kubwa kuliko zote, iliyochonga hata picha za John Tenniel za kitabu cha Alice mwaka 1865. Kampuni ilitia sahihi moja tu, Dalziel, na mistari ya Margaret ikaingia humo kama maji mtoni.

Kule New York, kampuni ya Currier & Ives iliuza picha za litografia, yaani zilizochorwa juu ya jiwe na kuchapwa kutoka hapo, zilizopakwa rangi kwa mkono. Wapakaji walikuwa wanawake, wengi wao wahamiaji kutoka Ujerumani. Walikaa kwenye meza ndefu, katikati imewekwa picha ya mfano. Wa kwanza anapaka rangi moja, anasukuma karatasi kwa jirani, jirani anaongeza ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho wa meza. Picha iliyopambwa ukutani imepita mikono yote hiyo. Na aliyeichora picha yenyewe jiweni mara nyingi alikuwa mwanamke pia: Fanny Palmer, mzaliwa wa Leicester, Uingereza, aliyeifanyia kampuni hiyo picha zipatazo 200 huku akibeba familia yake mgongoni. Alipotajwa kwenye picha, iliandikwa F. F. Palmer. Mnunuzi hakuwa na njia ya kujua.

Baada ya hapo utakutana na majina unayoyafahamu, nami sitayarudia kwa urefu. Käthe Kollwitz alichagua chapa kwa sababu ingewafikia wengi. Mwaka 1898 waamuzi walimpendekezea medali kwa mfululizo wake juu ya maasi ya wafumaji, na Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani akakataa isitolewe. Elizabeth Catlett, Mmarekani mweusi aliyehamia Mexico mwaka 1946, alijiunga na karakana ya Taller de Gráfica Popular na kuchonga lino kama wewe. Itafute sura yake ya mkulima mwanamke mwenye kofia pana, ya mwaka 1952, uone jinsi kila mkato unavyofuata mfupa wa uso. Na Mary Cassatt, kwenye zile chapa zake kumi za rangi za mwaka 1891, aliandika kwa mkono kwamba zimechapwa na msanii pamoja na Monsieur Leroy, fundi aliyesimama naye kwenye mashine. Ni kitendo cha heshima ambacho wanawake waliomtangulia hawakutendewa.

Mlango uliokawia kuliko yote, dada, ni huo wa mashine. Kuchonga, kuchora, kupaka rangi, kuuza, hayo yote wanawake waliyafanya. Kuchapa chenyewe kulihesabiwa kazi ya wanaume kwa karne nyingi: kupaka wino bamba lenye moto, kulifuta kwa kitambaa kisha kwa kiganja, kulaza karatasi iliyoloweshwa, kuvuta mikono ya gurudumu. Katika litografia lilikuwepo na jiwe, ambalo likiwa kubwa linahitaji watu wawili kuliinua.

Katika karne ya 20 wanawake ndio walioifufua kazi hiyo Marekani. Tatyana Grosman alianzisha karakana yake nyumbani, Long Island, mwaka 1957, baada ya kugundua kwamba mawe mawili ya njia bustanini kwake yalikuwa mawe ya litografia. June Wayne, aliyelazimika kwenda Paris kutafuta fundi wa kumchapia, alifungua karakana ya Tamarind huko Los Angeles mwaka 1960 kwa ruzuku ya Ford Foundation, shabaha yake ikiwa kufundisha wachapaji stadi. Kathan Brown akafuata na Crown Point Press huko California mwaka 1962. Hata hivyo, hata Tamarind, karakana iliyoanzishwa na mwanamke, ilipita zaidi ya miaka kumi kabla mwanamke hajahitimu kuwa mchapaji mkuu: Judith Solodkin, mwaka 1974.

Kwa hiyo mwalimu wako ana kipande cha ukweli. Kuna mlango uliofunguliwa karne ya 20, na mlango wenyewe ulikuwa wa mashine.

Ukipata chapa ya litografia ya karakana kama hizo, usiishie kwenye sahihi ya penseli. Inamishe karatasi kidogo, mwanga uipitie kwa ubavu, na utazame pembeni chini. Utaona alama ndogo zilizobonyezwa bila wino, moja ya karakana na nyingine ya mchapaji. Ukizitazama uso kwa uso hazionekani. Za Solodkin nimezitafuta hivyo, na kidole kinazisikia kabla ya jicho.